Heta ya sola haipashi maji? Kagua haya kabla hujanunua nyingine

Baridi ya Juni hadi Agosti ikitanda huku Nyanda za Juu Kusini, swali moja huwa halikosi studioni: heta ya sola iliyokuwa ikitoa maji ya moto kabisa sasa inatoa ya vuguvugu, na fundi anasema inunuliwe nyingine. Je, ni lazima? Mara nyingi si lazima. Kasoro nyingi ni ndogo, na nyingine utazimaliza mwenyewe kwa ndoo na kitambaa.

Kwanza tusichanganye mambo. Paneli ya sola ya umeme inatengeneza umeme. Heta ya sola haitengenezi umeme, bali inachukua joto la jua na kulitia moja kwa moja kwenye maji. Aina iliyoenea majumbani ina mirija ya kioo iliyochomekwa kwenye tanki. Kila mrija una kuta mbili za kioo, na katikati yake hewa imeondolewa, kama ilivyo kwenye chupa ya chai. Maji yaliyomo mrijani yakipata moto huwa mepesi na kupanda kwenye tanki, na yale ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu.

Anza na jua lenyewe

Tuko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua linapita upande wa kaskazini. Heta inatakiwa kuelekea kaskazini. Ikielekezwa kusini, itakudhoofikia miezi ileile unayoihitaji zaidi. Angalia pia miti. Mparachichi uliokuwa mche wakati heta inafungwa, leo huenda unaifunika kivuli asubuhi nzima. Punguza matawi.

Kisha angalia vumbi. Kwa walio kando ya barabara ya udongo, kiangazi vumbi hugandia kioo. Safisha kwa maji, sabuni kidogo na kitambaa laini, asubuhi na mapema kabla kioo hakijapata moto.

Mrija uliokufa

Mrija mzima, ukiugusa nje mchana wa jua kali, hauwi wa moto, kwa sababu joto limefungiwa ndani. Ukiukuta una joto kuliko wenzake, huo unavujisha joto. Tazama pia ncha ya chini: mrija mzima unang'aa kama kioo cha kujitazamia. Ikiwa sehemu hiyo imegeuka nyeupe, hewa imeingia na mrija umekufa.

Hapo unabadilisha mrija huo tu, si heta nzima. Kabla ya kwenda dukani pima urefu na unene wake. Inayopatikana sana ina unene wa milimita 58 na urefu wa milimita 1,800, lakini ipo mingine. Nunua pamoja na mpira wake wa kuzibia.

Kwa heta ambayo maji yanaingia ndani ya mirija, kazi ifanyike hivi:

1. Tumia maji ya moto usiku uliotangulia, na asubuhi na mapema funga koki ya maji ya baridi. Ukichomoa mrija mmoja, maji ya tanki yatamwagika, na tanki hutunza joto usiku kucha. Yatoe kwanza kupitia bomba la maji ya moto.
2. Vaa glavu nene. Chomoa mrija wa zamani huku ukiuzungusha taratibu.
3. Weka mpira mpya, upake povu la sabuni, kisha sukuma mrija juu ndani ya tanki ukiuzungusha, na ukalishe ncha ya chini kwenye kikombe chake.
4. Jaza maji kabla jua halijapanda. Subiri uone kama kuna mahali panavuja.

Maji yakikatika mchana

Hapa ndipo wengi wanapata hasara. Maji yakikatika na mirija ikakauka juani, kioo kinapata moto mkali sana. Maji ya baridi yakirudi ghafla, mirija inapasuka. Maji yakikatika, funga koki inayoingiza maji kwenye heta na ufunike mirija kwa turubai. Fungua tena usiku au alfajiri, baada ya mirija kupoa.

Tanki na mabomba

Juu ya tanki kuna kijibomba cha kupumulia. Usikizibe hata kama kinatoa mvuke, na kagua kama wadudu wamejenga humo. Kikiziba, tanki linaweza kuvimba, au kubonyea ndani maji yanapotoka.

Matanki mengi yana fimbo ya magnesiamu ndani. Kazi yake ni kuliwa na kutu kwa niaba ya tanki. Ikaguliwe kila mwaka, na ikibaki waya tu, ibadilishwe. Mara mbili kwa mwaka mwaga maji ya chini ya tanki ili tope na chokaa vitoke, hasa kama maji ya kisima chenu yanaacha ukoko kwenye birika.

Sehemu zenye sakitu kama Makete, mabomba ya nje yavikwe sponji ya mabomba. Maji yakiganda hutanuka na kupasua bomba.

Usalama

Siku ya jua kali maji ya heta yanaweza kupita nyuzi 80. Nyuzi 60 tu zinatosha kumuunguza mtoto ndani ya sekunde chache. Kwenye beseni tangulize maji ya baridi, ndipo uongeze ya moto.

Kama heta yako ina koili ya umeme, zima swichi kuu kabla ya kufungua kifuniko chochote, na kazi ya umeme mwachie fundi umeme. Usipande kwenye bati lenye umande, na awepo mtu wa kushika ngazi. Kumbuka pia kwamba tanki la lita 200 likijaa lina zaidi ya kilo 200. Mbao za paa zikianza kupinda, hilo ni la fundi, tena haraka.

Fundi akibadilisha kifaa, mwambie akuonyeshe kile cha zamani. Ni haki yako, na mwakani utajua cha kuangalia.

Una swali jingine kuhusu heta yako? Tutumie ujumbe, nasi tutalipeleka kwa fundi na kulijibu hewani.