Kiangazi kinapokaza: sahani moja ya maji kwa ndege wa bustani

Tangu mwezi wa 5 mvua imekatika hapa kwetu Haut-Katanga, na hairudi vizuri mpaka mwezi wa 11. Baridi ya usiku ya mwezi wa 6 na wa 7 inapita, na sasa tunaelekea mwezi wa 9 na wa 10, wakati jua ni kali kuliko siku zingine zote za mwaka. Vijito vidogo vimekauka. Moto wa pori umechoma nyasi pembeni ya mji. Basi ndege wanakuja kwetu, penye lenga-lenga inayomwagiliwa kila siku na penye muembe wenye kivuli.

Wengi wetu tunawaona kuwa wageni wasioalikwa. Wanachafua nguo kwenye kamba, wanadonoa papai kabla halijaiva, wanakula mahindi ya kuku. Ni kweli. Lakini wanatusaidia pia, na kitu wanachohitaji zaidi wakati huu ni maji tu. Ila maji hayo yakiwekwa ovyo, yanaweza kuleta mbu nyumbani na ugonjwa kati ya kuku. Ndiyo sababu tunataka kuzungumza namna ya kuyaweka vizuri.

Wanatufanyia kazi gani?

Angalia yule ndege wa kichwa cheusi mwenye manyoya ya manjano chini ya mkia, shorewanda, anayeimba mapema kuliko wote. Anakula matunda, lakini anakula pia wadudu wengi. Chozi, yule mdogo wa mdomo mwembamba uliopinda, ananyonya utamu wa maua, na watoto wake anawalisha wadudu na buibui. Hata shomoro, ambaye chakula chake ni mbegu, anatafuta viwavi wakati ana watoto kiotani, juu mtoto wa ndege hawezi kukua haraka bila wadudu.

Na huku kwetu ndege wengi wanajenga viota mwezi wa 9 na wa 10, kusudi watoto wakute wadudu wengi mvua inapoanza. Ni wakati uleule ambao wewe, mama, unatayarisha mbegu zako. Bustani yenye viota ina mikono mingi ya kuondoa viwavi kwenye kabichi na matembele.

Sahani yenyewe

Ndege hana jasho kama sisi. Anapoona joto anafungua mdomo na kuhema, na kwa kuhema anapoteza maji. Wale wanaokula mbegu kavu, kama njiwa na shomoro, ndio wanaoteseka zaidi, kwa sababu chakula chao hakina maji ndani.

Tafuta sahani pana isiyo ya kina, ao kipande cha chungu kilichovunjika. Udongo ni bora kuliko bati, kwa sababu bati linapata moto juani. Maji yasipite sentimeta 3 ao 4. Tia mawe machache ndani, kusudi ndege mdogo apate pa kusimama na asizame. Weka sahani kivulini, juu ya kisiki ao tofali zilizopangwa, karibu metre 2 kutoka kwenye kichaka: ndege aone paka mapema, lakini awe na mahali pa kukimbilia.

Nusu lita kwa siku inatosha. Tunajua namna maji yanavyobebwa kwa bidoni kichwani, na hatuombi mtu apoteze hata tone. Kila asubuhi maji ya jana mwage kwenye lenga-lenga, kiisha sugua sahani kwa mchanga ao brashi, uweke maji mapya. Usitie maji ya sabuni wala maji ya kupikia yenye chumvi.

Kubadilisha kila siku ni lazima. Yai la mbu linahitaji karibu juma moja ao zaidi ndani ya maji yaliyotulia kabla ya kuwa mbu anayeruka. Sahani inayomwagwa kila asubuhi haiwezi kuzaa mbu hata mmoja; sahani iliyosahauliwa juma mbili inaweza kuleta malaria ndani ya nyumba yako. Ukiona hutaweza kuishughulikia kila siku, ni afazali usianze.

Kuku wako kwanza

Ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine wanauita kideri, unaweza kumaliza kuku wa parseli nzima kwa siku chache. Kuku anahema kwa shida, anaharisha kijani, shingo inapinda. Ndege wa porini wanaweza kuuleta, kwa hiyo maji yao na ya kuku yasikutane kamwe. Weka sahani ya ndege mbali na banda, mahali ambapo kuku hawafiki. Chakula cha kuku kitolewe kidogo kidogo, wakimalize, kusiwe mabaki ya kuita ndege bandani. Na chanjo ya Newcastle ipo: muulize munganga wa wanyama tarehe ya kuanza na ya kurudia, kwa sababu chanjo moja haidumu maisha yote.

Ukikuta ndege amekufa, watoto wasimshike. Mwokote kwa mfuko wa plastiki, mzike chini sana, unawe mikono kwa sabuni. Wakifa wengi kwa siku chache, ondoa sahani, umwambie munganga wa wanyama haraka.

Chakula kidogo, sumu hapana

Ukitaka kuwalisha, mchele kidogo ao chenga za mahindi zinatosha asubuhi. Usitoe chakula chenye chumvi. Usitoe mahindi yaliyoota ukungu. Ukungu ule unaua ndege, na ni hatari kwa kuku na kwa watu pia. Jioni fagia mabaki, ama sivyo panya watakuja.

Dawa ya wadudu ikipigwa kwenye kabichi, ndege anayekula kiwavi kilichopigwa dawa anaweza kufa naye. Ikiwa shamba lako ni dogo, toa viwavi kwa mkono asubuhi, wakati bado baridi. Majani makavu usiyachome yote: yakilundikwa chini ya miti yanatunza unyevu wa udongo, na ndege wanapekua humo wakitafuta wadudu.

Kwa mapapai, funika lile linaloanza kuiva kwa mfuko wa karatasi ao kitambaa cha zamani, kiisha acha lingine moja bila kufunika. Ndege watashughulika na lile moja.

Watoto na manati

Wakati wa vakansi kubwa watoto wako nyumbani kutwa nzima, na manati za mpira zinatoka mifukoni. Jiwe la manati linavunja pia kioo cha jirani na jicho la mwenzake. Kumkataza tu hakutoshi, mpe kazi. Mtoto wa miaka 8 anaweza kuwa mwenye sahani: abadilishe maji, ahesabu ndege wa aina gani wamekuja, awachore kwenye daftari.

Mfundishe pia kuhusu kinda aliyeanguka. Akiwa na manyoya na anarukaruka, aachwe, ao awekwe kwenye tawi karibu. Wazazi wake hawako mbali. Akiwa uchi bado, arudishwe kiotani polepole. Si kweli kwamba mama yake atamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu. Na kabla baba hajakata matawi ya muembe, mwombe aangalie kwanza kama kuna kiota ndani.

Kuna bundi pia. Akilia usiku, watu wengi wanasema ameleta kifo, na asubuhi anatafutwa kwa mawe. Lakini bundi anakuja kwa sababu ya panya, wale wanaotoboa mifuko yetu ya mahindi. Familia inayomuacha juu ya mti wake itabaki na mahindi mengi zaidi.

Juma hili, mama, chagua sahani moja, mahali pamoja, na mtoto mmoja wa kuichunga. Jaribuni mpaka mvua ianze. Na siku ya mkutano wetu, uje na lile daftari la mtoto, tuone ni ndege gani wamepita kwako.