Bunkeya: tunakwenda kukumbuka nini?

Baadhi ya washirika huuliza kama sisi Waprotestanti tuna mahali pa kuhiji hapa Lualaba. Kwetu hakuna udongo unaoondoa dhambi, wala neema haipatikani kwa kutembea. Lakini pako mahali pa kukumbuka, na Bunkeya ni mojawapo.

Mji huu uko katika wilaya ya Lubudi, chini ya kilima cha Nkulu. Hapo palikuwa makao ya Mwami Msiri wa Wayeke, ambao asili yao ni Unyamwezi, Tanzania ya leo. Walifuata shaba. Mji ulitajirika kwa shaba, chumvi na pembe za ndovu, na pia kwa kuuza watu.

Februari 1886 alifika Frederick Stanley Arnot, Mskoti wa miaka 27, akitokea pwani ya Angola. Hakuja na jeshi. Alikaa kwa ruhusa ya Mwami hadi 1888. Wenzake Swan na Faulknor walimfuata, kisha Dan Crawford mwaka 1890. Mavuno yao ya kwanza yalikuwa haba.

Tarehe 20 Desemba 1891, Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili, alimpiga Msiri risasi akafa. Bodson naye aliuawa. Katanga ikatiwa mikononi mwa Leopold. Hadi leo Wayeke huiadhimisha siku hiyo Bunkeya.

Kwa hiyo tusiende huko kujivuna. Injili na bunduki za Leopold zilifika mji uleule, na kati yake haikutimia miaka sita. Tukisimulia habari ya Arnot na kuinyamazia damu ya Msiri, ushuhuda wetu ni nusu. Tukimlilia Msiri na kuwasahau waliouzwa, bado ni nusu.

Katika Yoshua 4, mawe 12 yaliwekwa ili watoto waulize maana yake. Watoto wetu wa Kolwezi huona mawe yakipita kila siku juu ya malori. Wanajua bei yake kuliko habari zake.

Basi kanisa likipanga safari, lianze kwa kumsalimu mwami, kama alivyofanya Arnot. Vijana wachukue daftari, wakae chini ya wazee, wasikilize kwanza. Maombi yafuate, pamoja na toba kwa yale yanayohitaji toba.