Lita Moja kwa Siku: Hesabu ya Bakteria wa Kiwele

Karibu dola bilioni 22 kwa mwaka. Hiyo ndiyo hasara ambayo ugonjwa wa kiwele huwatia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa duniani, kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2024: takriban bilioni 13 kwa ugonjwa unaoonekana, kiwele kikavimba na maziwa yakatoka na mabonge, na bilioni 9 kwa ule uliojificha. Utafiti huohuo ulipima magonjwa 12 na kupata jumla ya bilioni 65. Kiwele peke yake kimekula theluthi nzima.

Kwa mfugaji mdogo wa Afrika Mashariki naona mgawanyo huo umegeuka. Tafiti za Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania mara nyingi hukuta zaidi ya nusu ya ng'ombe waliopimwa wana ugonjwa uliojificha. Maziwa yao ni meupe, kiwele hakina joto, na hakuna anayemwita daktari wa mifugo.

Tupige hesabu ya mfano. Ng'ombe anatoa lita 10 kwa siku, lita ni Sh50 za Kenya, na ugonjwa uliojificha unampunguzia lita moja. Kwa msimu wa kawaida wa kukamuliwa, siku 305, zimepotea Sh15,250. Ugonjwa ukijitokeza, dawa hutiwa siku tatu na maziwa ya siku hizo humwagwa, kisha humwagwa siku tatu nyingine hadi mabaki ya dawa yaishe: lita 60, yaani Sh3,000, bila kuhesabu dawa na ada ya daktari. Mfugaji huzililia hizo elfu tatu kwa kuwa ameziona zikimwagika. Elfu kumi na tano hazikuwahi kuingia ndooni.

Hadi hapo tumehesabu ng'ombe tu. Bakteria nao wana hesabu yao, na ndiyo inayoweza kuipindua ya kwanza.

Staphylococcus aureus, mmoja wa bakteria wanaoleta ugonjwa wa kiwele, ni jina moja lenye koo nyingi. Tofauti kati ya koo hizo imeonekana wazi Uswisi. Watafiti wa huko walipozipanga koo hizo kwa vinasaba, walikuta ule walioupa herufi B unaenea kutoka kiwele hadi kiwele wakati wa kukamua, na katika baadhi ya mazizi umeshika hadi asilimia 87 ya ng'ombe. Koo nyingine kwa kawaida hupatikana kwa ng'ombe mmoja au wachache, zikaishia hapo. Sasa chukua zizi la ng'ombe 20 na bei zetu za juu. Ukoo B ukiwapata 17, hasara ya msimu ni Sh259,250. Ukoo usioenea ukiwapata wawili, ni Sh30,500. Maabara ya kawaida ikiotesha sampuli za mazizi yote mawili, jibu litakuwa lilelile: Staphylococcus aureus.

Tofauti imo kwenye jenomu, yaani jumla ya vinasaba vya bakteria, yenye herufi milioni 2.8 hivi. Takriban robo tatu yake ni ya koo zote. Sehemu iliyobaki hutofautiana, na ndani yake mna vipande vinavyohamahama, vingine vikibebwa na virusi vya bakteria. Kwa njia hiyo baadhi ya koo za ng'ombe zimepata jeni za sumu inayoua chembe nyeupe za damu ya ng'ombe, askari walewale wanaokimbilia kwenye kiwele. Ukoo B una jeni iitwayo adlb, ambayo sasa hutumika kuutambulisha. Una pia jeni za sumu za chakula, na sumu hizo zikishatengenezwa ndani ya maziwa, kuchemsha hakuziondoi.

E. koli, bakteria mwingine anayeleta ugonjwa wa kiwele, ni habari nyingine kabisa. Mazingira yakiwa mazuri huongezeka maradufu kila dakika 20, lakini watafiti hawajapata seti moja ya jeni inayoutenga ukoo wa kiwele na koo nyingine. Ukali wa ugonjwa hutegemea zaidi kasi ya mwili wa ng'ombe kujibu, hasa siku za mwanzo baada ya kuzaa.

Dawa nayo? Viwango vya kupona vilivyoripotiwa kwa ng'ombe wenye Staphylococcus aureus ni kuanzia asilimia 4 hadi 92. Pengo hilo linatokana na umri wa ng'ombe, muda aliougua, idadi ya robo za kiwele zilizoshikwa, na kama ukoo husika unahimili penisilini. Kumtibu ng'ombe mzee aliyeugua kwa miezi kwa bomba la dawa lililonunuliwa dukani ni kamari.

Na koo hizi hazikai kwa ng'ombe tu. Mwaka 2013 uchambuzi wa jenomu ulionyesha kwamba ukoo uitwao CC97, ambao sasa huambukiza watu, ulitoka kwa ng'ombe.

Katika jimbo la Ticino, Uswisi, kampeni ya kuung'oa ukoo B iliyahusisha mazizi ya jimbo zima, maziwa yakipimwa kwa vinasaba. Kwa chama cha ushirika cha huku kwetu, gharama ya kipimo kama hicho haina maana kwa ng'ombe mmoja, ila ina maana kwa ndoo iliyochanganya maziwa ya zizi zima. Jibu likiwa ni ukoo unaoenea, kazi ya kwanza ni kubadili zamu ya kukamua: wazima mbele, wagonjwa mwisho, kila mmoja na kitambaa chake. Zamu hiyo haigharimu hata shilingi. Jibu likiwa ni ukoo usioenea, fedha zote zielekezwe kwa ng'ombe wale wawili, kuwatibu wakati wa kuwakausha au kuwauza.