Kuhama Kaya: Yanayoupata Mwili na Moyo wa Mtu Anayeiacha Nyumba Yake

Mtu anapouza nyumba yake, au anapotakiwa kuondoka katika kiwanja alichokizoea, swali la kwanza tunalomwuliza ni hili: amelipwa kiasi gani? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Iko gharama nyingine isiyoandikwa katika stakabadhi yoyote, nayo hulipwa na moyo, tumbo na usingizi. Wataalamu huiita msongo. Makala haya yanaeleza jinsi msongo unavyotokea mwilini, na kwa nini historia ya Dodoma ni darasa zuri la kujifunzia jambo hilo.

Msongo ni nini?

Mwaka 1936 Hans Selye, aliyefanya kazi mjini Montreal, Kanada, alichapisha taarifa fupi kuhusu majaribio yake ya panya. Baadhi yao aliwaweka katika baridi kali, wengine aliwachosha kwa mazoezi, na wengine aliwapa sumu kidogo kidogo. Mateso yalikuwa mbalimbali, lakini miili ilijibu kwa namna moja: tezi za adrenali zilivimba na vidonda vikatokea tumboni. Selye aliugawa mwitikio huo katika hatua tatu, yaani kushtuka, kustahimili na kuchoka.

Kwa binadamu mambo huenda hivi. Ubongo unapotambua hatari, mishipa ya fahamu huziamsha tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi huongezeka, na sukari hupelekwa kwenye misuli. Baadaye kidogo tezi hizo hizo hutoa homoni ya kotisoli, ambayo huuwezesha mwili kuendelea kupambana. Mpango huu ni mwema kwa mchungaji aliyekutana na fisi: atapigana au atakimbia, na baada ya muda mfupi mwili utatulia.

Lakini kuhama si fisi. Hakupigiki kwa fimbo, wala hakuishi kwa dakika kumi. Kuna miezi ya kusubiri tathmini, kusubiri malipo, kutafuta kiwanja na kujenga upya. Kotisoli inapobaki juu kwa muda mrefu, usingizi huvurugika, shinikizo la damu hupanda, na kinga ya mwili hupungua.

Hesabu ya Holmes na Rahe

Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja likiwa na alama zake. Kufiwa na mume au mke kulipewa alama 100. Kubadili makazi kulipewa alama 20 tu. Je, basi kuhama ni jambo dogo?

Tujumlishe. Anayehama hubadili pia hali ya maisha (25), shule ya watoto (20), mahali pa ibada (19) na shughuli za kijamii (18). Pamoja na zile 20 za makazi tunapata 102. Ikiwa mapato yake nayo yamebadilika (38), jumla inakuwa 140. Kuhama ni mzigo mmoja uliofungwa kwa kamba moja na mizigo mingine mingi. Hata hivyo mwanafunzi asiichukue hesabu hii kama mizani ya duka. Alama hizo zilitokana na maoni ya Wamarekani, na mfugaji wa Bahi angeweza kuzipanga kwa namna nyingine kabisa.

Somo kutoka Ugogo

Wagogo hawakuwa wageni wa kuhama. Katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua na ukame wa mara kwa mara, kaya iliweza kuiacha tembe yake na kujenga nyingine penye malisho na maji. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeandika juu yao katika miaka ya 1960, alieleza kwa kirefu jinsi kaya hizo zilivyohama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuja Operesheni Dodoma, na kati ya 1973 na 1976 uhamiaji katika vijiji ukaenea nchi nzima. Mamilioni ya Watanzania walihama. Shabaha ilikuwa kuwafikishia wananchi shule, zahanati na maji, na wengi walivipata. Lakini mahali pengi watu walihamishwa kwa haraka na hata kwa nguvu, wakaachana na mashamba yao na majirani waliowachagua wenyewe.

Kwa nini watu waliozoea kuhama waumizwe na kuhama? Jibu moja linatoka maabara. Katika majaribio ya Jay Weiss wa Marekani, yaliyochapishwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, panya wawili walipigwa umeme ule ule. Mmoja aliweza kuuzima, mwingine hakuweza. Yule asiye na uwezo alipata vidonda vingi zaidi vya tumbo, ingawa umeme ulikuwa sawa. Vivyo hivyo, panya aliyepewa ishara kabla ya umeme aliumia kidogo kuliko yule aliyeshtukizwa. Kinachodhuru, basi, si tukio peke yake. Kukosa uamuzi na kukosa habari huongeza madhara yake.

Jambo hili limeonekana kwingine pia. Watonga wa bonde la Gwembe, wapatao 57,000, walihamishwa katika miaka ya 1950 kupisha Bwawa la Kariba. Elizabeth Colson na Thayer Scudder, waliowachunguza kwa miaka mingi, walionyesha kwamba msongo wa kuhamishwa una sura tatu: ya mwili, ya nafsi na ya jamii.

Dodoma yaendelea kukua

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huo huo. Kwa miongo minne malalamiko ya viwanja na fidia yaliiandama, hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Wakati huo Serikali ilikuwa imekwisha kuanza kuhamia Dodoma, na Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba. Hivyo familia ya mkulima iliyopisha ramani na familia ya mtumishi iliyotoka Dar es Salaam zimekutana katika mji mmoja, kila moja na msongo wake.

Sheria yetu haikulisahau jambo hili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inadai fidia kamili, ya haki na ya haraka, na katika hesabu yake imo posho ya usumbufu. Neno "haraka" lina maana ya kitabibu pia: kila mwezi wa kungoja bila habari ni mwezi wa kotisoli.

Kwa kifupi, anayehamishwa apewe tarehe ya hakika, ashirikishwe katika kuchagua mahali, na majirani wahamie pamoja inapowezekana. Mtoto aelezwe mapema, asishtukizwe na lori mlangoni.

Maswali ya kujadili darasani

1. Tajeni tofauti kati ya hatari ya dakika kumi na hatari ya miezi kumi kwa mwili wa binadamu.
2. Waulizeni wazee watano wa mtaa wenu walivyohama: nani aliamua, walijua lini, na walihama na nani? Linganisheni majibu yao na majaribio ya Weiss.
3. Tengenezeni orodha yenu ya matukio kumi ya maisha na mpange alama. Je, inafanana na ile ya Holmes na Rahe?