Meli Ikibadili Bandari, Nani Analipa Vani?

Anayetaka kuielewa biashara ya kuwatembeza abiria wa meli za kitalii aifuate Norwegian Dawn katika miezi miwili tu ya mwaka 2024. Februari ilifika Port Louis, Mauritius, ikiwa na abiria zaidi ya 2,000, ikazuiwa kufunga gati kwa sababu watu kadhaa melini walikuwa wakiumwa tumbo na serikali ilihofia kipindupindu. Kituo cha Réunion nacho kilikuwa kimefutwa. Vipimo vilipoonyesha kwamba hakuna kipindupindu abiria walishuka, lakini waliokuwa na miadi na madereva wa kisiwani walikuwa wameshaikosa. Mwezi uliofuata, ikiwa safarini kutoka Cape Town kwenda Barcelona, meli hiyohiyo iliwaacha abiria wanane São Tomé. Walikuwa wametoka na mwenyeji waliyemkodi wenyewe, wakachelewa boti ya mwisho. Wakaifukuzia hadi Gambia wakitumai kuikuta Banjul, kumbe hali ya bahari ilikuwa imeizuia kuingia. Wakaipata Dakar.

Kisa cha São Tomé ndicho kilichovuma duniani, na kampuni za meli hazichoki kukumbusha visa vya namna hiyo zinapouza matembezi yao wenyewe. Hoja yao ni ya kweli. Ukinunua matembezi melini na basi likachelewa, meli hukusubiri au kampuni hukugharimia kuifuata bandari ya mbele. Ukijikodia mwenyewe, saa ikifika nahodha anang'oa nanga. Ila kwa anayeishi kwa kuuza matembezi huku nchi kavu, hasara kubwa haiko hapo. Dereva anayeujua mji wake huwarudisha wageni mapema. Hasara iko kwenye meli isiyokuja kabisa.

Na meli ina haki ya kutokuja. Mkataba wa tiketi, ule ambao abiria huukubali bila kuusoma, humruhusu mwenye meli kubadili, kufupisha au kuruka bandari yoyote, na kwa kawaida abiria hurudishiwa ushuru wa bandari tu. Aliyenunua matembezi melini hurudishiwa fedha zake. Aliyenunua kwa mtu wa nje anabaki akidaiana na huyo mtu wa nje. Hapo ndipo mzigo unapoteremka: kampuni ya meli imeshajitoa, mgeni anadai chake, na anayedaiwa ni mwenye vani ambaye ameshajaza mafuta, ameshamwahidi dereva posho, na pengine ameshalipia viingilio vya mbuga mtandaoni.

Pwani yetu imeyaona haya. Novemba 2005, Seabourn Spirit ilikuwa njiani kutoka Alexandria kuja Mombasa iliposhambuliwa na maharamia nje ya Somalia. Iliponyoka, lakini ikageuzwa kwenda Shelisheli. Mombasa ikaikosa, na uharamia ulipozidi miaka iliyofuata ikakosa nyingine nyingi. Baadaye ghala la gati namba moja likageuzwa kuwa jengo la kupokelea abiria, matumaini yakarudi. Kisha, tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Wahuthi katika Bahari ya Shamu yakazifanya kampuni nyingi za meli za kitalii kuiacha njia ya Suez, na safari kadhaa zikafutwa au zikazungushwa Rasi ya Tumaini Jema.

Hayo ni mambo makubwa ya dunia. Yapo na ya kila mwaka. Msimu wa meli hizi huku ni kati ya Novemba na Aprili, kaskazi inapovuma na Ulaya ikiwa kwenye baridi, nao ndio msimu wa vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Kimbunga kikielekea Madagaska, nahodha anapanga safari upya, na siku moja ikisogea Nosy Be, inaweza kusogea Zanzibar na Mombasa pia.

Wenzetu wa Karibi wameishi na shida hii kwa miaka mingi. Grand Cayman haina gati la meli kubwa za kitalii. Meli hutia nanga mbele ya George Town na abiria huletwa kwa boti. Upepo wa kaskazini-magharibi ukichafua bahari, abiria hushushwa Spotts, upande wa kusini, au meli huondoka bila kushusha mtu. Aprili 2025 wananchi walipiga kura ya maoni kuhusu kujenga gati, wakalikataa. Kwa hiyo watembeza watalii wa huko hutangaza waziwazi: meli isipofika, unarudishiwa fedha zote. Ahadi hiyo si sadaka. Imeshawekwa ndani ya bei.

Tufanye hesabu ya kukisia. Tuseme vani inabeba wageni 6, na meli isipokuja mwenye vani anapoteza dola 150 ambazo hawezi kuzirudisha. Tuseme tena kwamba katika kila meli 5, moja haifiki. Hasara hiyo ikigawanywa kwa meli 4 zilizofika ni dola 37.50 kwa safari, yaani kama dola 6 na robo kwa kila mgeni. Mgeni anayeona melini matembezi yaleyale yakiuzwa ghali zaidi hataikimbia nyongeza hiyo. Anayeuza bila kuiweka, akidhani amemshinda jirani kwa bei, amejifanya bima ya watu wengine bila kulipwa.

Tatizo ni kwamba Karibi, siku ya msimu, huweza kupokea meli kadhaa kwa mpigo; moja ikikosekana, nyingine ipo. Mombasa na Zanzibar hupokea chache, na moja ikipotea imeondoka na kipande kizima cha mapato ya mwaka. Ndiyo maana sioni kama ahadi ya kurudisha kila senti inamfaa mwenye vani mbili wa Mikindani, Mombasa. Kinachomfaa ni arubuni ndogo, inayotosha gharama zisizorudi na si zaidi, mgeni akielezwa tangu mwanzo kwamba hiyo hairudi, na salio lilipwe getini meli ikiwa imeshafunga kamba. Majukwaa ya mtandaoni mara nyingi humruhusu mteja kufuta bila gharama hadi saa 24 kabla. Tangazo la nahodha huweza kutoka ndani ya hizo 24. Pengo hilo lazima liandikwe kwenye makubaliano, la sivyo litaamuliwa kwa ugomvi wa nyota na maoni mabaya.

Kingine ni aina ya matembezi yenyewe. Fort Jesus na Mji wa Kale havihitaji kulipiwa wiki nzima kabla. Mji Mkongwe wa Zanzibar vivyo hivyo, na shamba la viungo linaweza kuahirishwa kwa simu moja. Tsavo Mashariki ni habari nyingine: lango la Buchuma liko kiasi cha kilomita 100 kutoka Mombasa, barabara ni ileile ya malori ya Nairobi, na mzani wa Mariakani hauna haraka ya mtu. Meli ikichelewa kufunga gati saa mbili tu, safari ya Tsavo imeshakufa hata kama haijafutwa. Anayeiuza awe na ya akiba kwenye mkataba uleule, mathalani Shimba Hills kupitia Dongo Kundu, ambako hakuna haja ya kuipigia feri ya Likoni magoti.

Saa nazo huponza. Shelisheli na Mauritius ziko mbele yetu kwa saa moja, na meli inayotoka huko huenda haijarudisha saa zake. Kuna na saa ya Kiswahili: dereva anayemwambia mgeni wakutane saa nane, akimaanisha mchana, na mgeni akaelewa asubuhi, ameshauharibu mchana wa watu wawili. Iandikwe kwa saa za meli. Mgeni naye awe na nakala ya pasipoti, na bima inayotaja kuachwa na meli.

Taarifa ndiyo bado inawanyima haki wadogo. Wakala wa meli humwambia kwanza mpokeaji rasmi wa kampuni, na mwenye vani husikia wa mwisho. Lakini Mamlaka ya Bandari Kenya hutoa orodha ya meli zinazotarajiwa, na mwendo wa meli huonekana kwenye programu za simu. Meli inayotakiwa Mombasa alfajiri, na saa tatu usiku bado inaipa Mombasa mgongo, haiji. Anayeitazama usiku huo hulipia viingilio asubuhi, au halipii kabisa.