KONOKONO NA INI LA NG'OMBE

Huenda siku ya kuchinja umewahi kupasua ini la ng'ombe ukakuta minyoo bapa mfano wa jani dogo, na mirija ya nyongo imekuwa migumu. Ini la namna hiyo mkaguzi wa nyama hulitupa. Mnyoo huyo hawezi kabisa kumfikia ng'ombe bila kupitia kwa konokono wa majini. Kwa hiyo mfugaji wa Oloipiri hana budi kumjua konokono.

Konokono yumo katika kundi la wanyama waitwao moluska. Hawa wana mwili laini, hawana mfupa hata mmoja. Wengi hujijengea gamba gumu la chokaa. Konokono hutambaa kwa msuli wa tumboni, na ulimi wake una vijino vidogo vingi vya kukwangulia majani. Koa ni ndugu yake asiye na gamba. Baharini wako chaza, kome, ngisi na pweza. Ndiyo, hata pweza!

Faida zao si haba. Watu wa pwani hula pweza na chaza, tena huwauza. Lulu hutoka ndani ya chaza. Na zile kauri zinazoshonwa kwenye mapambo ya ngozi ya Kimaasai ni magamba ya konokono wa baharini. Zamani zilikuwa fedha huko Buganda, na katika miaka ya 1840 na 1850 wafanyabiashara wa Hamburg walizipakia Unguja wakaenda kuziuza Afrika Magharibi.

Sasa turudi kwenye maji yetu. Ng'ombe mgonjwa akinya kando ya maji, mayai ya minyoo hutoka pamoja na mavi. Yakianguliwa majini, kijidudu huogelea mpaka kimpate konokono, kikamwingia. Humo kimoja huzaa mamia. Baada ya wiki kadhaa hutoka, hushika majani ya ukingoni na kujifunika ganda. Wakati wa kiangazi, nyasi zikikauka kote, mifugo hukimbilia majani mabichi hayo hayo.

Mnyama aliyeambukizwa hukonda, maziwa hupungua, na pengine huvimba chini ya taya. Kondoo huweza kufa ghafla.

Kuwamaliza konokono wote ni kazi isiyokwisha. Afadhali kuzungushia miiba sehemu zenye matope na kunywesha mifugo kwenye birika palipo pakavu. Dawa zipo, ila mwulize Bwana Mifugo: albendazole huua minyoo iliyokomaa tu, lakini triclabendazole huua hata michanga. Ukishamnywesha mnyama dawa, usinywe maziwa yake wala kumchinja mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zitimie. Na kama chupa imeandikwa kuwa dawa hiyo haifai kwa ng'ombe wa maziwa, usimpe anayekamuliwa.