Kutoka watu milioni 3.5 hadi nakala moja: rekodi za Jean-Michel Jarre

Ukimtazama Jean-Michel Jarre kwenye televisheni kwa mara ya kwanza, utajiuliza huyu mzee anafanya nini hasa. Haimbi, hachezi. Amesimama katikati ya vinanda vya umeme, anabonyeza hapa, anazungusha kitufe pale, na nyuma yake ghorofa refu linabadilika rangi. Kisha kamera inarudi nyuma, watu wanaonekana wamejaa hadi macho yanapokomea, nawe unaanza kuuliza swali jingine: wote hawa wamefuata nini?

Jarre alizaliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1948. Baba yake, Maurice Jarre, ndiye aliyetunga muziki wa filamu ya Lawrence of Arabia na kushinda Oscar mara tatu, ingawa alihamia Marekani mwanawe akiwa bado mdogo. Kijana akaenda kujifunza kwa Pierre Schaeffer, yule Mfaransa aliyechukua mlio wa treni akaufanya muziki. Mwaka 1976 alitoa Oxygène, santuri aliyoirekodi nyumbani na ambayo kampuni kadhaa zilikuwa zimeikataa. Iliuza mamilioni ya nakala. Tangu hapo jina lake limefungamana na maneno ya "kuliko yote", mengine ya haki, mengine ya kutiliwa shaka.

Tuanze na linalotajwa kila mahali. Tarehe 6 Septemba 1997 jiji la Moscow lilikuwa likiadhimisha miaka 850, na Jarre akapewa jengo la Chuo Kikuu cha Moscow, mnara wa enzi za Stalin wenye urefu wa mita 240, alifanye pazia la kutupia picha zake. Inasemekana walihudhuria watu milioni 3.5, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikaandika hivyo. Mimi hesabu hiyo naipokea kwa tahadhari. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, unaingiza watu 60,000. Itabidi uujaze mara 58 ndipo uikaribie. Hapakuwa na lango wala tiketi, na siku ya sikukuu ya jiji, nani atamtenganisha aliyefuata muziki na aliyetoka tu na wanawe kuangalia fataki? Ila shaka hiyohiyo inaiandama rekodi inayoshindana na ya Moscow, ya Rod Stewart kwenye ufukwe wa Copacabana, Rio de Janeiro, tarehe 31 Desemba 1994. Nayo inakadiriwa kuwa milioni 3.5, lakini usiku huo watu wa Rio hufurika ufukweni hata pasipo mwimbaji. Madonna mwaka 2024 na Lady Gaga mwaka 2025 waliimba hapohapo bure. Makadirio ya kwao, milioni 1.6 na milioni 2 na ushei, hayakufika huko.

Basi ikate ya Moscow nusu. Bado unabaki na umati ambao wengi wao walimwona msanii kama nukta tu, kama walimwona kabisa. Aliyekaa mbele ya televisheni aliona vidole vyake, na hapo ndipo ninapoona ukweli wa matamasha haya: watu wa uwanjani walikuwa sehemu ya jukwaa, na viti vya mbele vilikuwa sebuleni.

Rekodi yake ya kwanza ya umati, watu milioni moja, aliiweka Place de la Concorde jijini Paris tarehe 14 Julai 1979. Sikukuu hiyohiyo ya taifa, mwaka 1990, alirudi Paris upande wa La Défense, wakatajwa milioni mbili. Sherehe za kitaifa ndivyo zilivyo: watu wangetoka tu.

Kwa hali mbaya ya hewa, mshindi ni London. Oktoba 1988 aliweka jukwaa juu ya maji, kwenye gati za zamani za Royal Victoria Dock, baada ya halmashauri ya eneo kugoma kwanza kutoa kibali kwa kuhofia usalama. Mvua ilinyesha na upepo ukavuma, na Binti Mfalme Diana alikuwa miongoni mwa waliohudhuria. Miaka tisa baadaye tamasha la Moscow liliangukia siku ya mazishi yake, na Jarre akamkumbuka mbele ya umati ule. Kwetu Afrika alikuja na ukungu. Usiku wa kuamkia mwaka 2000 alipiga mbele ya piramidi za Giza, Misri, pamoja na zaidi ya wasanii elfu moja wa nchi hiyo, na ukungu ukatanda hadi picha nyingi zilizotupwa juu ya mawe zikawa hazionekani. Waliotazama kwa televisheni nao hawakuona mengi zaidi. Ni usiku mmoja ambao sebule haikumshinda aliyekuwepo.

Tamasha geni kuliko yote kwa watazamaji wake ni la China, Oktoba 1981. Alikuwa mwanamuziki wa kwanza wa pop kutoka nchi za Magharibi kualikwa huko tangu Mao afariki, akapiga mara tano Beijing na Shanghai. Humo ndimo watu walimokiona kinubi cha leza, ambacho hata leo wanaomwona kwa mara ya kwanza hudhani ni kiini macho. Miale ya mwanga inasimama kama nyuzi. Mkono ukiukata mmoja, kifaa kinatambua na kukiamuru kinanda kitoe sauti yake. Jarre huvaa glavu nene na miwani ya giza, kwa kuwa leza yenye nguvu kiasi hicho haichezewi.

Rekodi ninayoipenda zaidi ni ya udogo. Mwaka 1983 alitengeneza santuri iitwayo Musique pour Supermarché, ikachapwa nakala moja tu, ikauzwa kwa mnada Paris kwa faranga 69,000. Vibati vya kuchapishia vikaharibiwa. Radio Luxembourg iliipiga nzima mara moja, na aliyekuwa na kaseti tupu nyumbani akajirekodia. Mtu aliyezoea kuhesabiwa kwa mamilioni aliamua kuhesabiwa kwa kimoja, na kelele zilizozuka hazikuwa ndogo.

Halafu kuna tamasha lisilokuwa na mtu. Tarehe 31 Desemba 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani na korona, Jarre alipiga ndani ya Notre-Dame, kanisa kuu la Paris lililoungua mwaka uliotangulia, ila hakuingia humo. Alikuwa studio, na kanisa lilichorwa kwa kompyuta. Waandaaji walitaja watazamaji milioni 75. Namba hiyo nayo ipokee kama uipokeavyo ya Moscow. Kubonyeza kiungo na kuondoka baada ya dakika mbili nako huhesabiwa kuwa kutazama. Mei 2024, akiwa na miaka 75, alirudi kwenye umati wa kweli huko Bratislava, Slovakia, akiwa na Brian May wa kundi la Queen, na Septemba akapiga kwenye kufunga Michezo ya Paralimpiki, Paris.

Lakini kwa kipimo changu hakuna lililoifikia Houston, Marekani, tarehe 5 Aprili 1986. Jimbo la Texas na jiji lenyewe vilikuwa vinatimiza miaka 150, na kituo cha anga cha NASA miaka 25. Mpango ulikuwa mwanaanga Ronald McNair, daktari wa fizikia aliyebobea katika leza na mpigaji saksofoni, apige kipande chake akiwa angani ndani ya chombo cha Challenger. McNair alikuwa Mmarekani mweusi wa pili kwenda anga za juu. Tarehe 28 Januari Challenger ililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, na wote saba waliokuwamo wakafa. Tamasha lilikuwa karibu kufutwa. Wanaanga wenzao wa NASA ndio waliomsihi Jarre aendelee. Kirk Whalum akashika saksofoni mahali pa McNair, kati ya maghorofa yaliyogeuzwa pazia, na watu wanaokadiriwa kati ya milioni moja na milioni moja na nusu wakatazama, wengine wakisimamisha magari katikati ya barabara kuu hadi ikafungwa.

Video ya usiku huo ipo na haitafutwi kwa shida. Ukiwa na nafasi ya kutazama tamasha moja tu la Jarre, tazama hilo, na usitegemee spika ya simu.